Kwa Nini Ngozi Hupauka Mbeya, na Mafuta Husaidiaje

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika, upepo huvuma, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Ndiyo majira ambayo miguu ya wanafunzi hupauka, midomo hukauka na visigino hufanya magaga. Magaga yenye kina hayaudhi macho tu. Ni mlango wa vijidudu.

Yafaa kwanza tutambue kwamba ngozi kavu imepungukiwa na maji. Tabaka lake la nje kabisa lina seli zilizokufa, zilizojaa protini iitwayo keratini na kushikamanishwa na mafuta ya asili, mithili ya matofali na udongo. Tabaka hilo likiwa na maji ya kutosha hunyumbuka. Likikauka hukakamaa na kupasuka. Hewa kavu huyanyonya maji hayo, na sabuni kali huondoa mafuta yanayoyazuia.

Viambato vya kulainisha ngozi hufanya kazi kwa njia tatu. Mafuta ya mgando, ambayo Robert Chesebrough alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1872, hufunika ngozi na kuzuia maji yasitoke. Gliserini, ambayo hupatikana pia katika utengenezaji wa sabuni, huvuta maji na kuyashika. Lakini hewa ikiwa kavu sana huweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe, hivyo ni heri ifunikwe kwa mafuta. Mafuta ya mimea, kama vile ya nazi au ya maparachichi yanayostawi Rungwe, hujaza nafasi baina ya seli zilizoanza kubanduka.

Unywele nao ni keratini isiyo na uhai. Hauwezi kulishwa, hata kama tangazo litadai hivyo; kilicho hai ni shina lililo ndani ya ngozi. Unapooshwa, uso wake huwa na chaji hasi, hasa mahali palipoharibika. Kondishena ina molekuli zenye kichwa cha chaji chanya na mkia wa mafuta. Kichwa hunata kwenye unywele, mkia hubaki nje na kupunguza msuguano. Kwa hiyo kitana hupita kwa urahisi, na nywele za kipilipili, ambazo hukatika upesi kwenye mikunjo yake, hunusurika.

Wanafunzi waweza kufanya jaribio hili. Kata vipande viwili vya kiazi mviringo vinavyolingana. Kimoja kipake mafuta ya mgando pande zote. Pima uzito wa kila kimoja, viache mezani siku nzima, kisha vipime tena. Kipi kimepoteza uzito zaidi, na kwa nini?

Jibu litaonyesha kwamba mafuta hayaleti maji, bali huyatunza yaliyopo. Basi na yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu. Mafuta ya bei nafuu yaliyopakwa wakati huo hufaa kuliko ya bei ghali yaliyopakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka.