Sanduku, ufunguo na jirani



Kama unaishi Malolo, wilayani Kilosa, unajua kwamba fedha ya kitunguu huja kwa mkupuo. Gunia la mwisho likishapakiwa, mkulima hujiahidi: safari hii nitatenga ya matibabu. Miezi michache baadaye mtoto anashikwa na malaria, na mfukoni hamna kitu. Tunamwita mzembe. Je, tunamtendea haki?

Wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walilichunguza jambo hili kwa wanachama wa vikundi vya upatu magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo wake, na daftari la kuandika lengo la afya, mfano chandarua. Baada ya mwaka mmoja, walichotumia kwa kinga ya magonjwa kilizidi cha wenzao wasio na sanduku kwa zaidi ya asilimia 60.

Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukabaki kwa mtu wa mradi mpaka lengo litimie. Hilo halikusaidia kinga kiasi hicho. Fedha iliyofungiwa ina gharama yake, maana dharura haipigi hodi. Kundi jingine lilichangia chungu kimoja cha afya ndani ya upatu wao. Hao ndio waliofanya vizuri kuliko wote: walizidi maradufu.

Umeona? Kufuli kali halikulishinda lengo lililoandikwa, na lengo lililoandikwa halikumshinda jirani anayekusubiri kikaoni.

Leo simu zetu zina programu za kutunza akiba, kukumbusha dawa na kuhesabu hatua. Ni vyema. Lakini anayeziunda, na sisi tunaozitumia, tuulize: chombo hiki kinamwinua mtu, au kinamfunga na kumwaibisha akikosa siku moja?

Katika Warumi 7 mtume Paulo anakiri pengo kati ya nia na tendo, hakuwa mzembe. Na Waebrania 10:24-25 inatuagiza tuhimizane, wala tusiache kukutana.

Basi Jumapili hii, kabla ya kumlaumu ndugu aliyerudi nyuma, muulize lengo lake ni nini. Liandikeni pamoja, mpange na siku ya kukutana. Kitunguu kikiuzwa tena, asiachwe peke yake na fedha yake.