Kishikwambi Mbele ya Ubao

Kifaa kile kidogo kilichopita nyumba hadi nyumba mwezi Agosti 2022, mikononi mwa makarani wa Sensa, kikiandika majina ya watu na hali ya makazi yao, hakikutupwa hesabu ilipokwisha. Serikali ilivigawa vishikwambi hivyo kwa walimu, na hivyo Songea, kama penginepo nchini Tanzania, mwalimu aliyezoea chaki na kitabu kimoja cha kugombaniwa akajikuta na intaneti juu ya meza yake, asijue bado kama ni mgeni wa kukaribishwa sebuleni au amana ya kufungiwa kabatini.

Insafu yataka tukiri kwamba hali si ile ya zamani. Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya Makambako, na mji ukaagana na majenereta ya dizeli. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni kwao wafundishane. Lakini mafunzo ya namna hii aghalabu huanza na kuishia kwenye kuwasha, kuzima na kufungua akaunti, ilhali tatizo la mwalimu haliko kwenye vitufe. Liko kwenye andalio la somo: katika dakika arobaini, mbele ya watoto sabini, mtandao uingie wapi, na utoke lini?

Tuchukue mathalani vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vinavyosomwa sasa katika Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu hodari hasubiri asubuhi. Usiku, bando likiwa bado lina uhai (na bando hilo, tuseme kweli, wengi hulinunua kwa fedha zao wenyewe), hupakua ramani moja, picha moja na kurasa mbili zisizopatana, akavihifadhi, kwa kuwa mtandao una tabia ya kumwaibisha mtu mbele ya wanafunzi. Kesho yake hawapokezani kishikwambi benchi kwa benchi, maana kabla hakijafika nyuma kengele imeshalia. Huandika ubaoni tarakimu mbili tu za watu waliokufa, 75,000 kutoka ukurasa mmoja na 300,000 kutoka mwingine, kisha akauliza: ni nani aliyehesabu, na njaa iliyofuata vita ilihesabiwa au haikuhesabiwa?

Hapo ndipo faida ya mtandao inapodhihirika. Kitabu kilichochapwa zamani hakiwezi kueleza kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika mjini hapa, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa vita hivyo, akaomba msamaha. Mtandao unalo hilo kwa picha na sauti. Kadhalika unayo mengi ya uzushi, na sehemu kubwa ya yaliyo sahihi imeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, hata mwalimu akalazimika kuwa mkalimani kabla hajawa mwalimu. Kazi hiyo haimo katika ratiba yoyote, wala sijaona anayeilipia.

Darasa likishashika swali, kishikwambi na kizimwe. Makumbusho ya Majimaji yamo humu humu mjini, na huko liko kaburi la pamoja la walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kando yake kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye inasemekana kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wangali wakikidai. Wanafunzi waende na madaftari, walinganishe majina wanayoyakuta pale na yale mwalimu aliyoyanakili kutoka kwenye kioo. Na herufi moja ikipishana, waachwe wabishane njia nzima ya kurudi.