Je, Wajua? Wagiriki wa filamu na undugu wa kahawa Karagwe

Je, wajua kwamba filamu ya kuchekesha ya My Big Fat Greek Wedding 3, iliyotoka Septemba 2023, imezaliwa na msiba wa kweli? Michael Constantine, aliyeigiza baba wa familia ya Portokalos, alifariki mwaka 2021. Nia Vardalos, mwandishi, mwongozaji na mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, akaujenga mkasa juu ya pengo hilo: watoto na wajukuu wanasafiri kutoka Marekani hadi kijiji alikozaliwa mzee, Ugiriki, wawatafute marafiki zake wa utotoni na kuwakabidhi daftari lake.

Je, wajua kwamba filamu ya kwanza, ya mwaka 2002, iligharimu takriban dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya milioni 360 duniani, bila kuongoza mauzo ya wikendi Marekani hata mara moja?

Je, wajua kwamba mtu wa Kayanga, Karagwe, au Nkwenda, Kyerwa, mkoani Kagera, ataielewa safari hiyo ya kuwatafuta marafiki wa mzee bila kufafanuliwa? Huko Kagera, kama ilivyokuwa ng'ambo ya mpaka kule Ankole, Uganda, marafiki wawili waliweza kufanywa ndugu kwa omukago. Walichukua tunda la kahawa, lenye punje mbili ndani ya ganda moja. Kila mmoja akapaka punje damu yake, mwenziwe akaimeza. Tangu siku hiyo rafiki wa baba alikuwa baba. Watoto walimheshimu hivyo, wakakimbilia kwake penye shida, naye hakuwa na ruhusa ya kuwafungia mlango. Kwangu mimi, hakuna agano la urafiki lililofikiriwa vizuri kuliko hili. Mgeni wa kawaida naye hakusahauliwa: alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha ikakaushwa.

Je, wajua kwamba Ugiriki na Karagwe zimekutana pia katika ramani? Ptolemy wa Alexandria, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alisema Nile inatokana na Milima ya Mwezi. Novemba 1861 wapelelezi Waingereza John Speke na James Grant, waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile, walipokewa na Mukama Rumanyika wa Karagwe. Speke alipoviona kwa mbali vilele vya Virunga, upande wa magharibi, aliamini ndiyo milima hiyo. Grant aliugua mguu, akabaki kwa Rumanyika kwa miezi kadhaa akitunzwa.

Na leo Kagera ina Waorthodoksi, Watanzania walio chini ya Patriaki wa Alexandria, ambaye ofisi yake inatumia Kigiriki hadi sasa.

Msomaji mwenye asili ya Karagwe au Kyerwa, ukienda nyumbani mwisho wa mwaka, waulize wazee babu yako alikula omukago na nani, na huyo alikuwa wa ukoo gani. Kisha nenda ukawasalimu watoto wa rafiki huyo.