Kabla ya kumpika kaa, mtazame mguu wa nyuma

Maji ya bamvua yanapokupwa, watoto wa pwani huwafuata mama zao miambani. Wakubwa hutafuta pweza, wadogo huokota chochote kinachotembea. Ndoo ikirudi nyumbani huwa na kaa wawili watatu, na ni nadra mtu kuuliza ni kaa wa aina gani.

Swali hilo linaweza kuokoa maisha. Kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya Afrika Mashariki, wapo kaa wenye sumu kali, na mojawapo ya sumu zao ni ile ile ya samaki bunju. Haiishi kwa kuchemsha, kukaanga wala kutia ndimu. Nchini Ufilipino, watu wameshapoteza maisha baada ya kuwala.

Namna ya kuwatofautisha

Kaa wa mikoko, anayeuzwa sana sokoni, ana miguu ya mwisho iliyo bapa kama kasia, ambayo huitumia kuogelea. Gamba lake lina meno tisa makali kila upande, kuanzia jichoni. Anaishi kwenye tope la mikoko na anaweza kuzidi kilo mbili.

Kaa wa sumu hana kasia. Miguu yake yote ya kutembelea huishia kwa ncha. Gamba lake ni la duara dufu, na ncha za magando ni nyeusi au kahawia iliyokolea, kana kwamba zimechovywa kwenye wino. Aina moja, Atergatis floridus, ina gamba laini lenye michirizi myeupe kama lesi. Nyingine, Zosimus aeneus, ina gamba lenye vinundu na mabaka ya kahawia au mekundu.

Si kila kaa mwenye magando meusi ana sumu. Hata walio wa aina moja hutofautiana: wa mwamba huu anaweza kuwa na sumu nyingi, wa mwamba ule kidogo. Kwa macho haijulikani. Kwa hiyo jirani kumla mwaka jana na kubaki salama si ushahidi. Asiye na kasia na mwenye magando meusi aachwe baharini.

Akishaliwa

Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa: ganzi ya midomo na ulimi, kutapika, kisha viungo kulegea. Hatari kubwa ni misuli ya kupumulia kushindwa kufanya kazi. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe, na mtoto, kwa udogo wa mwili wake, huzidiwa haraka.

Mtoto akisema midomo imekufa ganzi baada ya kula kaa, asingojewe alale kwanza. Apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya kaa yule yabebwe pamoja naye.