PC ya gemu ya bajeti au laptopu ya bei mbaya? Soma hii kwanza kama uko Bariadi

Msimu wa pamba ukifika, hela inazunguka Simiyu. Kuanzia Maswa hadi Meatu, kuna vijana wanaosubiri kipindi hiki ndipo wanunue kompyuta. Swali ni lilelile: niunge PC ya gemu kidogokidogo, au nijikaze nichukue laptopu ya maana?

Ukikosea hapa, akiba ya mwaka mzima imeondoka. Twende hatua kwa hatua.

Bei inakupa nini?

Laptopu za daraja la juu si mchezo. MacBook Pro ya inchi 14 yenye chipu ya M4 ilitoka mwaka 2024 kwa dola 1,599 za Marekani, yaani zaidi ya Sh milioni 3.5 kabla ya kuhesabu kodi na usafiri. Na bado gemu nyingi za Windows hazifungui humo.

Kwa gemu, PC ya mezani inakupa nguvu zaidi kwa hela ileile. Jina la kadi ya grafiki lisikudanganye: RTX 4060 ya mezani hutumia wati 115, ila ya laptopu inaweza kupangiwa na kiwanda kuanzia wati 35 tu. Jina moja, kasi tofauti.

Kompyuta za mtumba: angalia namba

Njia rahisi ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuongeza kadi ya grafiki. Hapa wengi wanapigwa, kwa hiyo kagua mambo mawili.

Kwanza, prosesa. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inahitaji Intel kizazi cha 8 kuendelea. Soma namba baada ya kistari: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Ya kwanza itakuwa rahisi, lakini imeshapitwa.

Pili, boksi. Yale membamba hayaingizi kadi kubwa, na pawa saplai yake ni ndogo. Kadi kama GTX 1650 inafaa kwa sababu inakula wati 75 tu, ila tafuta toleo fupi lisilohitaji waya wa ziada.

Umeme ndio mwamuzi

Hapa Simiyu tunajua, umeme unaweza kukatika katikati ya mechi. Laptopu inahamia kwenye betri, ingawa kasi ya gemu inashuka. PC inazima papo hapo, na kazi ambayo hujaihifadhi inapotea. Kwa hiyo bajeti ya PC bila UPS haijakamilika. UPS ndogo haikupi saa nzima, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri.

Je, LUKU? Tuseme PC yako na monita vinakula wati 300 na unacheza saa nne kwa siku. Hiyo ni uniti 1.2, sawa na uniti 36 kwa mwezi. Kwa bei ya takriban Sh 356 kwa uniti, ni kama Sh 12,800. Kama nyumba yenu iko kwenye D1, ile ya takriban Sh 122 kwa uniti, chunga sana. Uniti 36 za ziada zinaweza kuwavusha uniti 75 kwa mwezi, na hapo familia nzima italipia gemu zako.

Ikiharibika?

Kwenye PC, kikifa kifaa kimoja unabadilisha hicho tu. Unaagiza Mwanza au Kariakoo, mzigo unakuja na basi. Kwenye laptopu nyingi, kadi ya grafiki imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na nyingine hata RAM huwezi kuongeza. Vumbi la kiangazi linaziumiza zote mbili, ila PC ni rahisi kufungua na kusafisha.

Usisahau bando pia. GTA V peke yake inazidi GB 90, hivyo panga utaipakuaje.

Uchague ipi?

Kama unasoma chuo, unahamahama, au unafanya kazi za wateja nje ya nyumbani, chukua laptopu, hata ya kawaida. PC huwezi kuipakia kwenye bodaboda kila wiki.

Kama unakaa sehemu moja, una chumba chenye umeme, na unataka gemu pamoja na kuhariri video, unga PC. Anza na prosesa nzuri, SSD na UPS. Kadi ya grafiki inaweza kusubiri msimu ujao.

Na kabla hujatoa hela, iwashe dukani, cheza au fungua video kwa nusu saa, halafu dai risiti na dhamana ya maandishi.