Simu yakwambia uko Dandora, nawe uko Buruburu?

Msomaji, huenda yamekukuta. Umeita teksi kwa simu, umesimama mbele ya lango la korti yenu pale Buruburu Phase 4, manyunyu yameanza, na dereva anakupigia akiapa kwamba amefika. Amefika wapi? Yuko nyuma ya ukuta, kwenye korti nyingine kabisa, na kulizunguka eneo hilo ni safari ya dakika kumi. Yeye anailaumu simu yako, nawe unailaumu yake.

Hilo ni la kuudhi tu. Sasa tuseme ni saa nane za usiku huko Kayole, mtoto amebanwa na pumu, na gari la wagonjwa linafuata alama uliyoituma kwa simu. Alama ikiangukia mtaa wa tatu kutoka kwenu, kila dakika ina thamani yake. Na yule kijana wa bodaboda anayesambaza vyakula kutoka Donholm hadi Pipeline hulipwa kwa safari anazokamilisha. Simu inayompotosha humpunguzia mkate.

Wengi wakipatwa na kasoro hii hukimbilia kwa fundi. Ngoja kwanza. Mara nyingi simu haina ugonjwa wowote, na ukijua jinsi mtambo huu unavyofanya kazi utaweza kubaini mwenyewe kasoro iko wapi.

GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Ni kundi la setilaiti zipatazo 30 zinazoizunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Kila moja hutangaza bila kukoma mahali ilipo na saa ilivyo. Simu yako hupokea matangazo hayo, hupima yamechukua muda gani kufika, kisha hupiga hesabu ya umbali. Setilaiti tatu zingetosha kukuonyesha ulipo, lakini saa iliyo ndani ya simu ni ya bei rahisi, na ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, hesabu hupotoka kwa mita 300. Kwa hiyo inahitajika setilaiti ya nne ya kuisahihisha saa hiyo. Mtambo huu ulikamilika mwaka wa 1995, lakini hadi Mei 2000 wenyewe walikuwa wakiuharibu makusudi kwa raia, ukikosea hata kwa mita 100. Siku hizi simu nyingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za Uchina.

Jambo la kukumbuka ni kwamba matangazo hayo hufika hapa yakiwa hafifu mno. Bati huyazuia, na saruji pia. Ndiyo sababu mtu aliye ndani ya nyumba ya mabati Mathare, au ghorofa ya chini katika jumba la Pipeline, hawezi kuyapata vizuri hata kwa simu ya bei ghali. Tena pale Pipeline na sehemu nyingine za Embakasi majumba yamesongamana kiasi kwamba ukisimama kwenye kichochoro waona kijisehemu tu cha mbingu. Mawimbi hugonga ukuta huu yakarukia ule kabla ya kukufikia, simu ikadhani setilaiti iko mbali zaidi, nayo ikakuhamishia barabara ya pili. Hapo hakuna cha kutengeneza. Toka hadi penye uwazi.

Simu inapokosa setilaiti hutumia ujanja mwingine. Huangalia milingoti ya simu iliyo karibu na mitambo ya Wi-Fi ya majirani, kwa sababu kampuni zinazotengeneza programu za simu zina orodha ya mitambo hiyo na mahali ilipowahi kuonekana. Sasa fikiria mwisho wa mwezi katika mitaa yetu, mikokoteni ikipita na magodoro na makochi. Jirani ametoka Dandora kuja kupanga Umoja, na mtambo wake wa Wi-Fi amekuja nao. Kwa muda, orodha ile bado yasema mtambo huo uko Dandora. Ukiwa kitandani mwako, simu inaweza kukurusha hadi Dandora, kisha ukifungua mlango ikakurudisha Umoja. Watu hudhani ni uchawi au wizi wa mitandaoni. Ni jirani mpya tu.

Kwa hivyo kipimo cha kwanza ni hiki: panda juu ya paa mnakoanika nguo, au nenda kwenye uwanja, ushike simu ukiielekeza mbinguni na usubiri dakika tatu bila haraka. Ikiwa kidoa cha buluu kitatulia pale uliposimama, simu yako ni nzima.

Ikikataa, ingia kwenye mipangilio. Angalia kama kile kitufe cha mahali kimewashwa, halafu uangalie ruhusa ya programu yenyewe, kwani hapa ndipo wengi hunaswa. Simu za kisasa hukuuliza kama programu ijue mahali ulipo hasa au kwa makadirio tu. Ukichagua makadirio, programu ya teksi itajua uko Eastlands, lakini haitajua uko korti gani. Angalia pia ile njia ya kuokoa betri. Katika simu kadhaa, ikiwashwa huzima huduma ya mahali mara tu kioo kinapozimika. Mwendesha bodaboda anayetia simu mfukoni hupotea kwenye ramani ya mteja kwa sababu hiyo pekee. Saa na tarehe ziachie zijirekebishe zenyewe kutoka kwa mtandao, kisha zima simu na uiwashe tena.

Kuna wanaofunga intaneti ili kuokoa bando. GPS yenyewe haili bando hata kidogo. Lakini intaneti huiletea simu, kwa sekunde chache, habari za setilaiti zipi ziko juu na zinapita wapi. Bila msaada huo simu hulazimika kuzipokea kutoka kwa setilaiti zenyewe, ambazo hutuma maneno yake polepole sana: nusu dakika kwa habari za setilaiti moja, na dakika kumi na mbili na nusu kwa orodha nzima. Katika muda huo ukitembea kati ya majumba, kazi huanza upya. Dawa yake ni kuwasha bando kwa muda mfupi kabla ya kuondoka, na kuihifadhi ramani ya Nairobi ndani ya simu ukiwa penye Wi-Fi.

Na ile tabia ya kuizungusha simu hewani kama mtu anayeandika nambari nane? Hiyo husaidia dira tu, yaani ule mshale unaoonyesha umeelekea upande gani. Haileti setilaiti hata moja. Ikiwa mshale ndio unaokudanganya, basi zungusha, lakini kwanza ivue simu jaketi lake. Majaketi yenye sumaku ya kufungia huvuruga dira, na yale ya chuma hudhoofisha antena.

Sasa tuje kwa simu ambayo ni mgonjwa kweli. Pakua programu ya bure iitwayo GPSTest, upande tena juu ya paa. Itakuonyesha kila setilaiti na nguvu ya mawimbi yake. Ukiona kadhaa zenye nguvu kati ya 30 na 45, antena iko sawa na kasoro iko kwenye programu au ramani. Ikiwa kila moja iko chini ya 20 nawe uko peupe, au huoni hata moja baada ya dakika kumi na tano, antena ndiyo inayoumwa.

Hapo jiulize: kasoro ilianza lini? Mara nyingi jibu ni kwamba ilianza baada ya kubadilishwa kioo au betri. Antena ya GPS katika simu nyingi huwa sehemu ya juu, imeunganishwa na sakiti kwa vijisahani vidogo vya chuma vinavyobonyea kama springi. Fundi mwenye pupa akikipinda kimoja, akikiacha na gundi, au akisahau kurudisha skrubu moja, simu itapiga na kupokea vizuri lakini setilaiti haitaziona. Simu iliyoanguka majini nayo hupata kutu papo hapo. Kazi ya kusafisha na kuvinyoosha vijisahani hivyo si kubwa, na fundi mzuri wa Luthuli Avenue au wa kibanda cha mtaani kwenu anaiweza. Mwambie, “Fundi, GPS ilipotea simu ilipofunguliwa, niangalizie miguso ya antena.” Akianza kwa kukwambia sakiti yote imekufa kabla hajaifungua, chukua simu yako uende kwa mwingine. Na baada ya kazi, pima kwa GPSTest nje ya kibanda kabla hujalipa.

Kuna nyakati ambapo lawama si ya simu wala ya fundi. Nairobi iko karibu na Ikweta, na baada ya jua kutua, hasa miezi ya Machi na Septemba, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme hutibuka na kuyayumbisha mawimbi. Wapimaji wa ardhi ndio husumbuka zaidi. Na ukipita Mombasa Road, simu haiwezi kujua kwa urahisi kama uko chini au uko juu yako kwenye ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka wa 2022, kwa maana zote mbili ziko mahali pamoja.

Kisha iko ramani yenyewe. Simu yaweza kujua ulipo sawasawa, lakini ramani isijue kwamba wakazi walijenga lango na kuifunga njia. Ramani za mitaa yetu zimechorwa na watu. Vijana wa Kibera walianza kuichora ya kwao mwaka wa 2009 wakiwa na vipokezi vya GPS mkononi, na kazi hiyo ikafika Mathare. Mwaka wa 2014 ikatoka ramani ya njia za matatu za Nairobi, iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Marekani, baada ya wanafunzi kupanda matatu wakirekodi safari kwa simu zao.

Nawe waweza kurekebisha. OpenStreetMap humruhusu yeyote kuongeza lango au kichochoro, na programu nyingine za ramani zina mahali pa kuripoti kosa. Ukituma alama kwa dereva, usiitume ukiwa chumbani. Toka langoni, subiri kidoa kitulie, kisha utume. Ihifadhi alama hiyo ya lango kwenye simu ya kila mtu nyumbani, hata ya yaya, na chini yake muandike kwa maneno: jina la korti, rangi ya lango, na kanisa au duka lililo mkabala.