Hatari Ndani ya Jenomu Fupi: Bakteria wa Tonsili za Nguruwe

Streptococcus suis ni bakteria anayeishi katika tonsili na pua za nguruwe wengi wasioonyesha dalili yoyote ya ugonjwa, na kitoto cha nguruwe humpata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Hata hivyo, baadhi ya nasaba zake, yaani makundi yenye asili moja ndani ya spishi hiyo, hupenya hadi kwenye damu, viungo na utando wa ubongo, nazo huwapata binadamu pia: wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Denmark mwaka 1968, na katika mlipuko wa Sichuan, China, mwaka 2005, watu 215 waliugua na karibu 40 wakafariki.

Mtu angetarajia kwamba nasaba inayoua imejilimbikizia jeni nyingi kuliko ile inayokaa kwa amani, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliochunguza jenomu (jumla ya maelekezo ya urithi ya kiumbe) za sampuli 375 kutoka Uingereza na Vietnam, ulionyesha kinyume chake, kwani bakteria waliohusishwa na ugonjwa walikuwa na jeni chache zaidi, ingawa miongoni mwa hizo chache zile zinazosaidia kushambulia mwili zilipatikana mara nyingi zaidi. Jambo hili si la bakteria wa nguruwe peke yao. Bakteria wa ukoma naye amepoteza sehemu kubwa ya jeni walizonazo jamaa zake. Huenda bakteria anayeingia katika maisha ya namna moja huacha jeni asizozihitaji tena, au huenda jeni hupotea kwa bahati tu pale ambapo kizazi kipya huanzishwa na bakteria wachache. Maelezo haya mawili hayapingani.

Ugumu mkubwa zaidi wa kuzitambua nasaba hatari umo katika jeni zenyewe. Suilisini, sumu inayotoboa utando wa seli, huonekana katika nasaba nyingi hatari, lakini zipo nasaba zinazoua bila kuwa nayo. Kapsuli, yaani tabaka la sukari linalomkinga bakteria asimezwe na seli nyeupe za damu, hupatikana hata kwa wasio na madhara, ila muundo wake hutofautiana, na tofauti hiyo ndiyo iliyotumiwa tangu zamani kuwagawa katika serotaipu. Serotaipu ya 2, inayoongoza kwa kuwaambukiza binadamu, hutofautiana na ile iitwayo 1/2 kwa herufi moja tu ya DNA katika jeni ya cpsK, kiasi kwamba vipimo vya kawaida vya jeni vilikuwa vikizichanganya. Ni dhahiri kwamba kipimo kinachotegemea jeni moja hakitoshi kumhukumu bakteria.

Utafiti huohuo wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kundi linalowashambulia binadamu lilianza miaka ya 1920, ufugaji wa nguruwe ulipokuwa ukipanuka, wala haukupata tofauti thabiti ya jenomu kati ya bakteria wa wagonjwa na wale wa nguruwe wagonjwa. Kwa hiyo bakteria hahitaji mabadiliko mapya ili amwingie binadamu. Mchinjaji mwenye jeraha mkononi, au mlaji wa damu mbichi ya nguruwe kama ilivyo desturi katika sehemu za Vietnam, hukutana na bakteria aliye tayari.